Ethi Si Jalala

Mzani wa mapokezi uliongopa kwa ratiba. Asubuhi, kompresa kubwa ya kugandishia minofu ikiwa bado imezimwa, ungeweka jiwe la kilo 20 ukasoma kilo 20 kamili. Kompresa ikishaanza kunguruma, tarakimu za mwisho zilianza kucheza: 20.04, 19.96, 20.08. Zinatulia kidogo, kisha zinaruka tena. Kompresa ikizimwa, mzani unapona.

Kilikuwa kiwanda cha samaki kando ya ziwa, hapa Musoma. Sitakitaja jina, kwa sababu tatizo lile ningeweza kulikuta popote penye mota kubwa na kipimo kidogo. Uzito wake ulikuwa kwamba juu ya mzani ule palipita fedha za watu. Wakala aliyesafiri usiku kucha kutoka visiwani na sangara wake kwenye barafu hana habari na mawimbi ya sumakuumeme. Anaona gramu 80 zikipanda na kushuka kwenye kreti moja, anapiga hesabu ya kreti zake zote, anasema kwa sauti ili wote wasikie: "Mzani huu unakula." Uongozi nao ulikuwa na maelezo yake: mawakala wanaegemea kreti. Pande zote mbili ziliamini pana mkono wa mtu. Hapakuwa na mkono wa mtu.

Idara ya umeme ilikuwa imekwisha kubadilisha indiketa, kile kisanduku kinachoonyesha tarakimu. Ikabadilisha lodiseli, yaani kile kipande cha chuma kilicho chini ya sahani ambacho hupinda kidogo mno kikibebeshwa mzigo, na kupinda kwake ndiko kunakopimwa. Mwisho ikaagiza waya wa bei kali, wenye karatasi ya alumini ndani na wavu wa shaba nje. Mzani ukaendelea kuongopa, safari hii kwa gharama kubwa zaidi.

Nilikuwa kijana wa zamu, mwenye cheti kipya na bisibisi mfukoni. Juu yangu alikuwapo fundi mzee aliyelelewa na mashine za kiwanda cha nguo cha MUTEX, mtu wa maneno machache ambaye hakuwahi kushika waya kabla ya kuzunguka jengo zima kwa miguu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanipa kazi isiyohusu mzani hata kidogo: nikae na daftari, niandike kila mtambo unaowashwa na dakika yake, huku mwenzangu akiandika mzani unasoma nini.

"Lakini mzee, mzani ndio mbovu."

"Mzani ni mzima, mwanangu. Tatizo ni jirani."

Jirani alijulikana kabla ya mchana. Ilikuwa inveta inayoendesha ile kompresa, ndani ya paneli ya chuma, ukuta wa pili.

Hapa inabidi nitaje namba kidogo, maana bila namba jambo hili linafanana na uchawi. Indiketa huipa lodiseli volti 10. Mzani ukibeba mzigo wake wote, lodiseli hurudisha milivolti 20 tu. Mzani wetu ulikuwa wa kilo 60, umegawanywa hatua 3,000, kila hatua gramu 20. Gawanya milivolti 20 kwa 3,000: kila hatua ni kama mikrovolti 7, yaani sehemu 7 katika milioni ya volti moja. Kelele yoyote itakayotia mikrovolti 7 kwenye waya ule inahesabiwa kuwa samaki.

Sasa mtazame jirani. Inveta haitoi umeme laini kama ule unaotoka kwenye nguzo. Hupokea umeme wa volti 400, huugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa zaidi ya volti 500, kisha huukata vipandevipande maelfu ya mara kwa sekunde ili kuongoza kasi ya mota. Kila kipande hupanda kutoka chini hadi juu kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mpando mkali namna hiyo hauheshimu plastiki ya waya. Kati ya shaba ya ndani na kitu chochote cha chuma kilicho karibu kuna uwezo wa kupitisha umeme kidogo kila volti inaporuka, na volti hizo zinaruka bila kupumzika. Nyaya za mota na waya wa mzani zilikuwa zimelala pamoja kwenye trei moja kwa urefu wa jengo zima. Aliyezilaza pamoja alitaka kazi nadhifu, na kwa macho ilikuwa nadhifu kweli.

Mzee alifungua paneli, akanielekeza kwenye waya mnene wa mota. Ulikuwa na wavu wa shaba, tena mzuri. Lakini aliyeufunga aliuchana wavu, akausokota ukawa mkia wa sentimita 15 hivi, akaukaza kwa bolti kwenye bati lililopakwa rangi. Upande wa mota, wavu haukufungwa popote. Nilipima ule mkia kwa mita ya mkononi, nikasoma sifuri. Nikamwambia mzee kwamba ethi ipo. Akacheka bila kutoa sauti.

Mita ya mkononi hupima kwa umeme tulivu wa betri yake. Kwa umeme tulivu, sentimita 15 za shaba si kitu. Kwa umeme unaotetemeka mara milioni 10 kwa sekunde, waya uleule unakuwa kizuizi cha kama ohmu 9, kwa sababu kila waya mnyoofu una ukaidi wake wa kisumaku, takriban mikrohenri moja kwa kila mita. Kelele ya inveta imejaa mitetemo ya namna hiyo. Ikifika kwenye mkia inakuta njia nyembamba, inaanza kutafuta njia nyingine.

Ndipo mzee aliponipa maneno niliyofanyia kazi miaka yote iliyofuata. "Umeme una kwao. Uliotoka kwenye inveta lazima urudi kwenye inveta. Usipoujengea njia, utapita kwa watu." Halafu akaongeza, akiionyesha ile bolti: "Vijana mnadhani ethi ni jalala, mnatupa kelele pale zinaisha. Ethi si jalala."

Nimekutana na mafundi wenye shahada ambao bado wanafikiria jalala. Wakisikia kelele kwenye mtambo wanachimbia fimbo ya ethi ya pili, wanachimbia ya tatu, kana kwamba udongo una njaa ya kelele. Udongo hauli kitu. Kelele ya kompresa yetu ilikuwa inavuja kutoka kwenye nyaya za mota hadi kwenye mwili wa mota, inashuka kwenye fremu, inaingia kwenye mabomba ya maji na nondo za jengo, inapanda kwenye trei, na njiani inapita kwenye wavu wa waya wa mzani, ikitafuta kurudi kwenye paneli ilikotoka. Waya wa bei kali ulikuwa umeifungulia barabara nyingine tu.

Tiba yenyewe haikuwa na fahari. Tulikwangua rangi kwa msasa mpaka bati likang'aa. Wavu wa waya wa mota tuliuacha mzima, tukaubana pande zote kwa klampu pana ya chuma, upande wa paneli na upande wa mota vilevile. Klampu inayoshika wavu mzunguko mzima haina mkia, kwa hiyo haina ukaidi ule. Waya wa mzani tukautoa kwenye trei, tukaupitisha ukuta wa mbali, na pale ulipolazimika kuvuka nyaya za mota tukauvusha kwa pembe mraba, usiende nazo sambamba hata hatua moja. Wavu wake tukaufunga upande wa indiketa peke yake. Upande wa pili tukaukata, tukauvika utepe.

Kwa nini waya mmoja ufungwe pande mbili na mwingine upande mmoja? Nimeshuhudia ugomvi wa kweli juu ya swali hili. Waya wa mota unabeba kelele ya kasi kubwa, na wavu wake ndiyo njia fupi ya kelele hiyo kurudi nyumbani. Ukiufunga upande mmoja umeijengea barabara isiyofika. Waya wa mzani unabeba kiasi kidogo cha umeme wa mwendo wa polepole. Ukiufunga pande zote mbili, na sehemu hizo mbili za jengo zikawa zinatofautiana hata sehemu ndogo ya volti, mkondo wa mizunguko 50 kwa sekunde utatembea ndani ya wavu wenyewe, jirani kabisa na zile mikrovolti unazotaka kuzilinda. Anayekuambia kuna kanuni moja kwa nyaya zote anakuuzia waya.

Muhuri wa Wakala wa Vipimo kwenye mzani hatukuugusa, maana ubovu haukuwa ndani yake. Wakala mmoja wa samaki alituuliza tumetoa nini mle ndani. Tukamjibu hatukutoa kitu, tumehamisha waya. Hakuamini. Kwa muda mrefu aliendelea kuja na jiwe lake la mzani ndani ya mfuko wa rambo, na kila alipolipima likasoma sawa alionekana kama amenyimwa hoja.

Nilipoanza kuielewa kazi hii nilikumbuka kwamba nilikulia ndani yake bila kujua. Nyumba yetu ilikuwa Kitaji, hapahapa Musoma, na hatua chache kutoka uani alikuwapo fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Cheche zake zilipowaka, redio yetu ilijaa mikwaruzo mpaka mtangazaji akapotea. Baba alikuwa na dawa: aliinyanyua redio, akaizungusha polepole juu ya meza, sauti ya fundi ikafifia na sauti ya Radio Tanzania ikarudi. Ndani ya redio za masafa ya kati kuna kijiti cheusi cha feraiti chenye nyaya zilizozungushwa, ndicho antena, na kijiti hicho hakisikii kitu kinachotoka upande ncha yake inakoelekea. Baba hakuwa na elimu hiyo. Alijua tu kwamba redio ina upande wa uziwi, akauelekeza kwa fundi.

Tarehe 14 Oktoba 1999, Rais Benjamin Mkapa alipolitangazia taifa kwamba Mwalimu Nyerere amefariki hospitalini London, kuzungusha hakukutosha. Watu walikuwa wamejaa sebuleni, kila mmoja amesimama mahali pabaya. Baba akanitazama. "Nenda kwa kaka yako fundi. Mwambie baba anaomba azime mashine. Mwambie Mwalimu ametutoka." Nilikimbia. Fundi alizima, akaja na kinyago chake kimepandishwa kichwani, akasimama mlangoni kwetu akisikiliza pamoja nasi. Siku zilizofuata hakuna aliyechomelea kitu mtaani. Mwalimu alizikwa Butiama tarehe 23.

Mikwaruzo ile ilikuwa na sababu. Redio ya masafa ya kati husoma ukubwa wa wimbi, na cheche ya umeme hubadili ukubwa huohuo, kwa hiyo redio haiwezi kumtenganisha mtangazaji na fundi. Mmarekani Edwin Armstrong alipata hataza zake za FM mwaka 1933 kwa kukwepa mtego huo: akaifanya sauti ibadilishe kasi ya mtetemo badala ya ukubwa. Ndiyo maana anayesikiliza FM leo haulizi tena nani anachomelea. Pikipiki za bodaboda nazo zingetuvurugia mawimbi kuliko zinavyofanya, isipokuwa kwenye kofia ya plagi nyingi au ndani ya plagi yenyewe huwekwa kizuizi cha ohmu 5,000 hivi kinachopunguza makali ya cheche. Fundi wa mtaani anayekitoa ili "pikipiki iwe na nguvu" haongezi nguvu yoyote ya maana, anaongeza kelele.

Wavu wa shaba nao una mipaka yake. Wavu uliofungwa vizuri huzuia umeme unaoruka kupitia hewa na plastiki. Sumaku ya mizunguko 50 inayotoka kwenye transfoma au kwenye nyaya nene za umeme huipenya shaba nyembamba kama haipo, kwani kwa mizunguko 50 shaba inahitaji unene wa karibu milimita 9 ndipo ianze kuidhoofisha kwa maana. Dawa ya sumaku ni kusokota. Nyaya mbili zikisokotwa pamoja, sumaku inayosukuma msokoto mmoja upande huu inasukuma wa pili upande ule, na mwisho wa safari vinafutana. Alexander Graham Bell alipewa hataza ya nyaya za kusokota kwa ajili ya simu mwaka 1881. Hadi leo fungua waya wa intaneti, utakuta jozi nne zimesokotwa, kila jozi kwa msokoto wake.

Nilipoacha kiwanda nikawa fundi wa kuitwa, nikijulikana kama "yule wa kelele". Kazi ya kwanza ya kuitwa huwa ni kuulizwa habari za fimbo ya ethi, na hapo Musoma ina lake. Mji wetu umekaa juu ya jiwe. Kuanzia Mlima Mukendo hadi ufukweni, mawe ya matale yamepandana, na anayechimba choo anajua alipo. Fundi wa nyumba anapigilia fimbo ya shaba, inaingia kiasi, inagonga mwamba, inakataa. Anatoa msumeno wa chuma, anakata kilichobaki juu, anafunga waya, anafukia. Mwenye nyumba akija anaonyeshwa kichwa cha fimbo. Kina kinaaminika kwa imani.

Fimbo nzima ya mita 2.4 kwenye udongo wa kawaida wenye ukinzani wa ohmu-mita 100 hutoa kama ohmu 40. Kwenye mfinyanzi uliolowa wa ohmu-mita 20 hutoa kama ohmu 8. Kwenye changarawe kavu ya matale, ohmu-mita 2,000, fimbo hiyohiyo hutoa ohmu 800, hata ikiingia yote. Hiyo si ethi, ni pambo. Wengine humwaga chumvi na mkaa. Chumvi hushusha namba kwa msimu mmoja, mvua ikaichukua, na ikiwapo inaila shaba.

Penye mwamba, njia bora niliyoiona inatokana na Mmarekani Herbert Ufer, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitakiwa kuweka ethi kwenye maghala ya mabomu huko Arizona, nchi kavu ya mawe. Badala ya kupambana na ardhi alitumia zege la msingi. Zege lililogusana na udongo hutunza unyevu muda mrefu, na nondo zilizomo zina eneo kubwa la kugusa kuliko fimbo yoyote. Anayejenga Kitaji leo akiunganisha nondo za msingi na kutoa mkanda wa chuma juu kabla zege halijamwagwa, amepata ethi ambayo fimbo kumi za baadaye hazitaifikia. Gharama yake ni kumkumbuka fundi umeme kabla ya fundi mwashi kumaliza. Karibu hakuna anayekumbuka.

Hata hivyo ohmu za ardhini hazikuhusika na mzani wa samaki, na hili wengi hawapendi kulisikia. Ndege inaruka na vipimo vyake vyote vikisoma sawa, wala haina fimbo ardhini. Meli ya chuma vivyo hivyo. Ethi ya ardhini ni kwa ajili ya radi na kwa ajili ya mtu asife akishika friji lenye hitilafu. Kelele hutibiwa ndani ya jengo, kwa kuunganisha vyuma vyote kwa njia fupi na pana ili umeme wa kelele urudi ulikotoka bila kuzunguka. Kazi hizi mbili zinatumia waya wa rangi moja, kijani na njano, nadhani ndiyo sababu watu huzichanganya.

Wanapozichanganya, radi huwaumbua. Huku kwetu si mahali pa kufanyia mzaha na radi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutokana na miaka 16 ya picha za setilaiti uliliweka Ziwa Maracaibo la Venezuela kileleni mwa dunia kwa wingi wa radi, na kileleni mwa Afrika ukaiweka Kabare, mashariki mwa Kongo. Ziwa letu nalo limo kati ya sehemu zinazowaka sana, hasa usiku, upepo wa nchi kavu unapokutana juu ya maji ya vuguvugu na kuyapandisha mawingu. Watu wa mwambao wanaijua ratiba hiyo kuliko setilaiti.

Niliitwa shule moja ya sekondari wilayani Butiama, ambako radi ilikuwa imepiga jirani na chumba cha kompyuta. Paa lilikuwa zima, ukuta mzima, lakini kompyuta zilizounganishwa kwa waya wa mtandao zilikuwa zimekufa, na zile zilizokuwa zimechomolewa mtandao zilipona. Aliyefunga mfumo alikuwa amechimba ethi mbili: moja ya umeme wa jengo, nyingine mbali kidogo, "ethi safi" ya vifaa vya mawasiliano, na kwa makusudi hakuziunganisha ili kelele za jengo zisichafue mtandao. Jalala lilelile, safari hii majalala mawili. Radi ya kawaida hubeba kama ampea 30,000. Ikishuka kwenye fimbo ya ohmu 10, fimbo ile kwa sehemu ndogo sana ya sekunde inapanda hadi volti 300,000 juu ya ardhi ya mbali. Fimbo ya pili haikupanda hivyo. Kompyuta ilikuwa imeshika umeme kwa mkono mmoja na mtandao kwa mkono wa pili, nayo ikawa daraja.

Tuliunganisha ethi zote mbili kwa mkanda mpana, tukazileta kwenye sehemu moja ukutani pamoja na nguzo ya antena, na kila waya unaoingia chumbani ukapita hapo kwanza kwenye kizuia radi. Ethi zikiunganishwa, jengo zima linapanda pamoja na kushuka pamoja, na kilicho ndani hakioni tofauti. Mwalimu wa kompyuta aliniuliza kama sasa kelele haitaingia kwenye mtandao. Nilimwonyesha jozi zilizosokotwa ndani ya waya wake.

Kwa upande wa udongo, Bunda ni nchi nyingine. Ukishuka kuelekea Nyatwali na Ndabaka unakuta tambarare za mbuga, udongo mweusi unaonata kwenye viatu. Masika fimbo moja pale inasoma vizuri kuliko fimbo nyingi za Musoma. Kiangazi udongo unapasuka nyufa za kuingiza mkono, unajitenga na shaba, namba inapanda. Aliyepima Aprili na aliyepima Agosti wataitana waongo. Ndiyo maana ninapima kiangazi, kwa kipimo cha vijiti vitatu, kijiti cha katikati kikiwa kwenye asilimia 62 ya umbali, na tarehe ninaiandika kando ya namba.

Kanisa moja huko liliniita kwa sababu ya mvumo kwenye spika. Mvumo mzito wa mizunguko 50 ambao kwaya ilikuwa imeshauzoea mpaka wakawa wanapanga sauti juu yake. Sababu niliiona nilipokuwa bado mlangoni: miksa ilikuwa madhabahuni kwenye soketi moja, amplifaya nyuma ya kanisa kwenye soketi nyingine, na kati yao waya mrefu wa sauti wenye wavu umefungwa pande zote mbili. Soketi zile mbili zilikuwa na nyaya za ethi za urefu tofauti kurudi kwenye bodi. Wavu wa waya wa sauti ulikuwa umekamilisha mzunguko, na umeme wa jengo unatembea ndani yake ukiimba.

Kijana wa vyombo alinivuta pembeni, akaniambia kwa furaha kwamba yeye alishapata dawa, ila mchungaji hajaizoea. Akanionyesha plagi ya amplifaya. Alikuwa amekata jino la tatu, lile refu la juu.

"Kaka, ona, nikichomeka hii kimya kabisa."

Na kweli kulikuwa kimya kabisa. Kulikuwa kimya kwa sababu amplifaya haikuwa na ethi tena isipokuwa kupitia waya wa sauti, kupitia miksa, kupitia maikrofoni ya chuma iliyo mkononi mwa mhubiri. Siku transfoma ya amplifaya itakapovuja, umeme wa hatari unaweza kufika kwenye maikrofoni ile, na mhubiri anasimama kwenye sakafu ya saruji, wakati mwingine amevua viatu. Wanamuziki wamekufa namna hii katika nchi zilizoendelea kuliko sisi. Nilimweleza kijana mambo hayo palepale, naye alitulia.

Dawa halali ilikuwa rahisi. Tulivuta umeme wa miksa na amplifaya kutoka soketi moja. Waya wa sauti tukaubadilisha kuwa wa jozi iliyosokotwa yenye wavu, ule wa plagi za pini tatu za duara, ambao miksa yao ilikuwa na tundu lake miaka yote bila kutumiwa. Palipobaki mvumo kidogo tukaweka kasha la transfoma ya kutenganisha sauti. Plagi ya amplifaya tukaibadilisha, ikarudi na meno yake matatu. Kwaya walilalamika wiki ya kwanza kwamba spika zimepungua nguvu.

Nimeikuta plagi ya namna ile makanisani, misikitini, kwenye kumbi za harusi na kwenye karakana za shule, Musoma, Bunda na Butiama, na kila mara aliyeikata alikuwa na nia njema na masikio mazuri. Ikiwa mnayo hapo kwenu, ninawaomba msisubiri fundi wala bajeti: ichomoeni leo, tupeni plagi ile, nunueni yenye meno matatu, na mvumo ukirudi uvumilieni mpaka atakapopatikana mtu wa kuutibu kwenye waya wa sauti.